Watu Niliomnyang'anya

Mtu wa kwanza niliyemwajiri maishani mwangu nilimwajiri kwa sababu yule bwana niliyewahi kumfanyia kazi alikuwa amemfukuza. Wa pili naye hivyo hivyo, na wa tatu. Siku hizi watu wa mtaani wakinisifu kwamba niliwapa wenzangu kazi wakati kazi zimeadimika, huwa naitikia na kushukuru, maana kueleza ni habari ndefu. Lakini sikuwa na nia hiyo. Nia yangu ilikuwa kwamba siku moja yule bwana afungue geti lake asubuhi asikute mtu nje.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kiwanda cha umma nilichokuwa nikifanya kazi ya kufunga mizigo kilipunguza watu, nami nikawemo. Ruksa, yaani biashara huria, ilikuwa imeshaingia. Madukani bidhaa za nje zilijaa, masokoni mitumba ilijaa, na viwanda vyetu vikawa vinazimika kimoja kimoja. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nimeachika, sina mtoto. Nikafunga nguo zangu nikarudi Mbezi kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye alikuwa na shamba lake la minazi na mikorosho tangu Mbezi ikiwa pori.

Nilikuta pori limekwisha. Kila mwenye chochote alikuwa anajenga. Makarani, manesi, madereva wa malori, wafanyabiashara wa Kariakoo, wote walikuwa wanakuja kununua viwanja kwa wenyeji, Mbezi, Goba, mpaka Kibamba. Na wote walitaka matofali.

Yule bwana alikuwa na yadi ya matofali ya saruji kando ya Barabara ya Morogoro. Yeye mwenyewe alikaa Msasani, akawa anakuja kila asubuhi na pikapu yake. Saa moja tunakuwa tumeshajipanga mbele ya geti, wanaume kama arobaini, wanawake kama kumi. Alikuwa anapita mbele yetu na ufunguo wa gari mkononi, anaunyoosha: wewe, wewe, na wewe. Hakuwa anatamka jina la mtu. Ufunguo ukikupita, unarudi nyumbani. Aliyeugua jana, leo ufunguo unampita. Aliyeuliza swali jana, unampita pia.

Sie wanawake kazi yetu ilikuwa maji. Maji ya kuchanganyia saruji na maji ya kumwagilia matofali yaliyofyatuliwa ili yakomae. Tulikuwa tunayachota kisimani kwa bibi yangu, ng'ambo ya barabara, hatua kama mia mbili hivi, ndoo kichwani. Kisima kile hakijawahi kukauka. Bibi alimruhusu yule bwana achote apendavyo, naye kila Idi alikuwa anamletea kilo mbili za sukari, akidhani amelipa.

Nilikuwa mchota maji, lakini macho nilikuwa nayo. Nilipoanza kazi, mfuko mmoja wa saruji ulikuwa unatoa matofali thelathini na tano ya inchi sita. Baada ya miezi michache yakawa arobaini na tano. Mwisho yakafika sitini. Mchanga ule ule, kalibu ya kufyatulia ile ile, rangi tu ndiyo ilikuwa inazidi kupauka. Mafundi walikuwa wanaangaliana bila kusema, maana kesho kuna ufunguo.

Ndipo siku moja, saa nne asubuhi, akaja nesi mmoja mtu mzima aliyekuwa anajenga Goba. Alikuja na gauni lake la kazi, na kwenye mfuko wa plastiki alikuwa amebeba kipande cha tofali. Akasimama katikati ya yadi akasema kwa utulivu, "Ukuta wangu umepasuka kutoka dirishani mpaka chini. Na tofali lenyewe nikiligusa kwa kidole linapukutika kama biskuti."

Yule bwana hakushtuka. "Mama, matofali yangu hayana tatizo. Tatizo ni hawa wachota maji. Tofali lisipomwagiliwa linakufa, na hawa ni wavivu." Akaangaza macho, na ufunguo ukaniangukia mie, niliyekuwa naingia getini na ndoo kichwani. "Huyu hapa. Kila siku nasema naye."

Nikaitua ndoo. Nikasema, "Nimemwagilia kila siku, asubuhi na jioni."

"Unanibishia mbele ya mteja?"

"Sibishi. Nasema nilichofanya."

Akanisogelea, akaiinua ile ndoo mwenyewe, akanimwagia yote kichwani. Hakufanya kwa haraka. Aliimimina taratibu, kama mtu anayeonyesha kazi. "Tofali linamwagiliwa hivi," akasema. "Linaanzia juu. Umeelewa sasa?" Wanaume wachache wakacheka, hasa nyapara wake. Wengine wakatazama chini. Kanga ilinigandia mwilini mbele ya wanaume wale wote. Nesi akageuka akaondoka na kipande chake cha tofali.

"Somo limeisha," yule bwana akasema. "Ondoka, na usirudi."

Nilivuka barabara nimelowa, kitenge cha mchota maji mwenzangu mabegani, jua linawaka. Bibi alikuwa barazani anasuka ukili. Akaniangalia toka juu hadi chini akauliza, "Mvua imenyesha wapi?"

Nilimweleza yote. Nikamwambia nataka jambo moja tu: kisima kifungwe. Nilikuwa nimeshapiga hesabu njiani. Bila kisima kile, yule bwana angelazimika kuleta maji kwa gari, na asingedumu wiki mbili. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake havikusimama.

"Mie sijamnyima mtu maji toka nimeolewa hapa," akasema, "na sitaanza leo kwa ajili ya hasira zako."

"Bibi, kanidhalilisha."

"Nimesikia. Ukitaka kumuumiza, muumize kwa mikono yako, usitumie kisima changu." Kisha akaongeza, "Ile sehemu tambarare nyuma ya kisima iko wazi. Mihogo imegoma pale. Itumie unavyotaka. Lakini watu wake wakija kuchota, wachote."

Sikuwa nimefikiria kufungua biashara. Nilikuwa nimefikiria kuchoma moto, kumwaga chumvi kwenye mchanga wake, mambo ya namna hiyo. Maneno ya bibi ndiyo yaliyonigeuza. Nilikaa siku tatu nikiitazama ile sehemu tambarare, na ng'ambo ya pili naliona geti lake, na kila nilipoliona nilisikia maji yakishuka mgongoni.

Siku ya nne nikatembea kwa miguu mpaka Goba kumtafuta yule nesi. Nilimkuta kwenye jengo lake, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anautazama ukuta. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, halafu akanitambua, uso ukambadilika.

"Binti, siku ile sikukutetea," akasema.

"Sijaja kwa hilo, mama." Nikachomoa pini ya nywele, nikakwangua tofali moja ukutani. Mchanga ulimwagika mpaka miguuni petu. Nikamweleza: thelathini na tano, arobaini na tano, sitini. Nikamwambia kuwa maji hayawezi kukomaza kitu kisichokuwa na saruji. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mgonjwa.

"Wewe unaweza kutengeneza?"

"Naweza," nikasema, ingawa sikuwa nimewahi kushika kalibu.

"Ninao mfuko mmoja wa saruji umebaki. Chukua. Nitengenezee yanayotoka, nije niyaone."

Niliuza kitanda changu cha chuma nikamwendea fundi wa kuchomelea, akaniundia kalibu kwa vyuma chakavu. Nikawa nalala mkekani. Mchanga niliusomba bondeni kwa karai mwenyewe. Nikachanganya, nikashindilia, nikapindua kalibu kama nilivyoona wanaume wakifanya. Tofali la kwanza lilibomoka. La pili likabaki nusu. Kufika jioni nilikuwa nimeharibu matofali matano, na mikono imechubuka.

Hapo ndipo nilipomkumbuka fundi mmoja kutoka Dodoma. Alikuwa ndiye mfyatuaji hodari kuliko wote pale yadini mpaka siku mlango wa nyuma wa lori ulipomwangukia mkononi ukamkata vidole viwili. Yule bwana alimpeleka zahanati, akamlipia bandeji, na kesho yake ufunguo ukampita. Keshokutwa ukampita tena. Nilimkuta nyumbani kwake, chumba cha kupanga, anamenya viazi kwa mkono wa kushoto.

"Ulikuwa unafyatua kuliko wote," nikamwambia.

"Zamani hiyo."

"Una vidole vingapi?"

Akaniangalia kwa hasira kidogo. "Vinane."

"Mie ninavyo kumi na matofali yangu yanavunjika. Njoo unifundishe."

Alikuja kesho yake. Mkono wake uliokatwa vidole ulikuwa unashika kalibu vizuri tu, ni watu waliokuwa wameamua kuwa hauwezi. Yale matofali ya nesi tulitoa thelathini, tukayafunika kwa makuti mabichi, nikayamwagilia siku saba, asubuhi na jioni, na kila nilipokuwa namwagilia nilikuwa nasema moyoni, hivi ndivyo. Nesi alipokuja alilichukua moja akaliachia kutoka usawa wa kifua. Likadunda kwenye ardhi ngumu likalala zima. Akaliinua akaliachia tena. Kisha akaagiza ya nyumba nzima, na saruji akaileta mwenyewe kwa lori.

Kazi ile ilihitaji watu. Nami nilijua pa kuwapata.

Kumbuka kwamba wachota maji wa yule bwana walikuwa wanakuja kisimani kila siku, na kisima kilikuwa hatua chache kutoka kwenye matofali yangu. Walikuwa wanatuona. Saa nne tulikuwa tunasimama tunakunywa uji wa moto wenye ndimu, wao wamesimama foleni na ndoo. Sikuwaita. Nilichofanya ni kuuliza tu, kila jioni, "Leo kamfukuza nani?" Wakishaniambia, mie naenda. Nilimchukua mzee aliyefukuzwa kwa kukohoa. Nilimchukua bubu mmoja mwenye nguvu za ajabu, ambaye nyapara alikuwa anamwigiza kwa kejeli. Nilimchukua mwanamke mwenye watoto mapacha, mchota maji mwenzangu, ambaye alikuwa ndiye pekee aliyenifuata barabarani ile siku ya maji akanifunika kwa kitenge chake. Kila niliyemchukua nilimhesabu kama jino nililomng'oa yule bwana mdomoni, na jino lile nilitaka alisikie.

Na Jumamosi, siku ambayo wenye viwanja wanakuja kuangalia majengo yao, nilikuwa naweka meza kando ya barabara. Juu yake tofali langu moja na tofali lake moja. Sikuandika bango wala kupiga kelele. Mtu akiuliza bei namwambia, "Yaangushe kwanza." Alikuwa anaangusha. La yule bwana lilikuwa linapasuka vipande vitatu, vinne, mara nyingine linakuwa unga.

Nyapara alivuka barabara kuja kunitishia. "Nani kakuuzia tofali letu?"

"Nimeliokota kwenye nyumba iliyobomoka," nikamjibu, na ilikuwa kweli. Nesi alikuwa ameubomoa ule ukuta wote na kuniambia nichukue kifusi.

"Bosi atakufunga."

"Aje yeye. Ufunguo anao."

Yule bwana hakuja. Alishusha bei. Mie sikushusha. Akaanza kuwapa watu wake uji. Mie nikaanza kupika maharage mchana. Akapandisha posho ya mafundi kidogo, ya wachota maji akaiacha, na wiki ile ile wachota maji wanne waliziacha ndoo zake kisimani wakavuka upande wangu. Kwa ubishi wetu ule, mtu wa Mbezi aliyekuwa akibeba zege kwa kutwa nzima na tumbo tupu sasa alikuwa anakula mara mbili. Sikuliona hilo wakati ule. Niliona tu kwamba anaumia.

Mwaka wa pili nilikuwa na watu ishirini na wawili. Na si hao tu. Mwenye lori la mchanga alikuwa ameajiri wapakiaji wawili kwa ajili yangu. Yule fundi wa kuchomelea alikuwa ameniundia kalibu nane, akachukua msaidizi, na wajenzi wengine walipoziona wakaanza kumwagiza za kwao. Mama mmoja wa jirani aliacha kuuza karanga kwa kopo akawa anawapikia watu wangu tu. Mwingine alikuwa anakata makuti ya kufunikia matofali, mwingine anashona magunia ya saruji kuwa mifuko anauza sokoni. Mafundi waashi waliokuja kuchukua matofali walikuwa wanaokota vibarua pale pale, maana walijua watu wenye nguvu wako wapi. Kama mtu angenieleza haya kwa lugha ya kitaalamu ningemwambia sijui anachokisema. Mie nilikuwa nahesabu meno.

Sasa niseme jambo ambalo silipendi.

Kazi yangu ilikuwa inaisha saa saba mchana kwa wachota maji, kwa kuwa tulikuwa karibu na kisima. Yule mwanamke mwenye mapacha alikuwa analea watoto peke yake, na malipo ya nusu siku hayakumtosha. Siku moja alasiri nilimwona kisimani akijaza ndoo zilizopakwa rangi ya njano. Ndoo za yule bwana.

"Ndoo za nani hizo?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Zake. Kwako nimemaliza tangu saa saba."

"Na baada ya yote aliyokufanyia?"

"Mie alinifukuza tu, na sasa kanichukua tena, dada. Alikufanyia wewe." Hakusema kwa ubaya. Aliendelea kujaza. "Watoto wanakula mchana na usiku. Ukinipa kazi ya alasiri, siendi."

Kazi ya alasiri ningeweza kumpa. Mchanga ulikuwa unahitaji kuchekechwa, makuti kugeuzwa, nafasi zilikuwepo. Lakini nilitazama ile rangi ya njano na damu ikanichemka. Nikapandisha sauti ili ifike mpaka ng'ambo ya barabara. "Hapa kwangu hali chakula mtu anayemtumikia yule. Chukua ndoo zako uende, na kesho usije."

Watu wote waliokuwa bado kazini waliacha kazi wakatazama. Baadhi yao wakatazama chini. Yeye aliweka kata ya kitambaa kichwani, akainua ndoo, akaondoka bila kumwaga tone. Kitenge alichonifunikia siku ile ndicho alichokuwa amekivaa.

Bibi alikuwa barazani. Kwa mara ya kwanza niliona vidole vyake vimesimama kwenye ukili. "Leo umefanana na mtu fulani," akasema, kisha akaendelea kusuka. Sikumsemesha mpaka kesho yake jioni.

Mwisho wa yule bwana ulikuja msimu wa kiangazi. Nyapara wake alikuwa ameshapata kazi ya ulinzi mjini. Mafundi wake wawili wa mwisho walivuka kwangu Ijumaa, na Jumatatu asubuhi niliamka mapema nikasimama kwetu, nikitazama ng'ambo. Pikapu ikaja. Akashuka na ufunguo mkononi. Mbele ya geti palikuwa na mbuzi wa jirani wawili tu. Akasimama pale kama mtu aliyesahau alichokifuata. Niliisubiri asubuhi ile kwa miaka miwili na nusu, na nakiri kwamba niliifurahia sana. Nilisikia utamu ukipanda toka miguuni.

Alikuwa na oda ya mtu, nadhani, ya kumaliza siku hiyo. Saa tatu nikamwona anavuka barabara na ndoo mbili za njano, shati limekunjwa mikono, viatu vya ngozi. Anakuja kisimani mwenyewe.

Jambo lile nilikuwa nimelipangia mipango mingi. Kwenye mipango yangu yote kulikuwa na ndoo iliyojaa, na yeye ameinama. Ndoo iliyojaa ilikuwepo, karibu na mguu wangu. Bibi alikuwepo pia, macho kwangu, na nilijua nikiinua ndoo ile, sehemu tambarare nyuma ya kisima inarudi kuwa shamba la mihogo.

Nikageuka nikapiga makofi mara mbili. "Acheni kazi," nikawaambia watu wangu. "Njooni hapa."

Wakaja. Walijipanga wenyewe, sikuwapanga, mstari mmoja toka kwenye matofali mpaka kisimani. Fundi wa vidole vinane. Mzee wa kikohozi. Bubu. Wachota maji wanne. Wote ambao ufunguo uliwahi kuwapita. Hakuna aliyecheka. Walisimama wakamtazama anavyochota.

Aliinua kichwa mara moja. Macho yake yalipita kwenye mstari, uso hadi uso, na nikaona anavyowatambua mmoja mmoja, pengine kwa mara ya kwanza. Yalipofika kwangu yakashuka. Akamwamkia bibi kwa sauti ndogo, bibi akaitikia. Akabeba ndoo zake. Hakujua kubeba; zilikuwa zinampiga magotini, na alipofika barabarani suruali ilikuwa imelowa mpaka chini.

Mwezi haukuisha, yadi ikafungwa.

Nilidhani ameanguka. Hakuanguka. Biashara ya nje ilikuwa imefunguka, akawa analeta magari yaliyotumika na kuyauza, na inasemekana alipata zaidi kuliko alivyowahi kupata kwenye saruji. Nilikuja kukutana naye miaka kadhaa baadaye, Goba, kwenye harusi ya binti wa yule nesi. Alikuwa amenenepa, kanzu nyeupe, amekaa na wakubwa wa upande wa bwana harusi. Aliponiona alinyanyua mkono. "Njoo, njoo," akaniita, kisha akawaambia wenzake, "Huyu mnamwona? Huyu ametoka yadini kwangu. Mie ndiye niliyemfundisha kazi ya matofali. Nilikuwa mkali kwake, lakini ona sasa kaajiri watu wangapi."

Wale wazee wakatikisa vichwa kwa kumsifu yeye.

"Ni kweli nimetoka kwako," nikasema. "Nilitoka nimelowa."

Akacheka, akidhani ni utani wa kazini. Nilimtazama vizuri machoni nikitafuta kama anajificha. Hakuwa anajificha. Ile ndoo ya maji hakuikumbuka kabisa. Mie nilikuwa nimelala nayo na kuamka nayo, nimejenga watu thelathini juu yake, na yeye ilikuwa imemtoka kichwani pengine kabla kanga yangu haijakauka. Nilikula pilau yangu, nikamuaga nesi, nikarudi nyumbani nikiwa na hasira mpya ambayo haikuwa na pa kwenda.

Haikukaa sana bila kazi. Mwaka huo huo watu wangu wakaanza kunipungua. Akaondoka mchekecha mchanga mmoja, halafu mfyatuaji, halafu fundi wa vidole vinane, ambaye alikuja kuniaga kwa heshima, akaniambia amepata mahali Kibamba. Nikauliza kwa nani. "Kwa mama wa mapacha," akasema.

Nilikwenda Kibamba Alhamisi. Yadi yake ilikuwa ndogo, safi, matofali yamepangwa mistari iliyonyooka kuliko yangu. Alikuwa anafyatua mwenyewe. Aliponiona hakuacha, alipindua kalibu, akaiinua taratibu, tofali likabaki limesimama na kona zake zote nne.

"Umekuja kununua au kuangalia?" akauliza.

"Kuangalia."

"Angalia."

Nikaangalia. Nusu ya watu wale niliwajua. Wawili walikuwa ni wale niliowafokea mwaka uliopita kwa kuchelewa. Mwingine nilimkata malipo ya siku nzima kwa ndoo iliyovunjika. Nilijua hasa anachofanya, na nilijua anavyojisikia kila asubuhi akifungua, maana utamu ule nilikuwa nimeuonja.

"Unao wangapi sasa?"

"Kumi na mmoja. Watatu wanaanza Jumatatu." Akajifuta saruji kwenye paji la uso kwa kiwiko. "Wawili ni wako."

Nilitaka kumwambia nisamehe. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Badala yake nikamuuliza watoto hawajambo, akasema hawajambo, wako shule, nikaondoka.

Ijumaa nilikwenda Kariakoo nikanunua glavu ngumu za mikono kwa kila mtu wangu, kitu ambacho hakuna yadi iliyokuwa nacho barabara ile yote. Jumatatu asubuhi niliwagawia mwenyewe, na wachota maji nikawatangazia kazi za alasiri. Wale wawili waliokuwa waanze kwa mama wa mapacha walizipokea glavu, wakazivaa, wakakunja na kukunjua vidole, wakanishukuru kwa adabu. Saa nne walikuwa wameshaondoka nazo kwenda Kibamba.